Mfuko wa Kurudi Mzima

Kaka yangu hula nyama kwa kelele. Hunyonya mfupa, huuweka pembeni mwa sahani, huutazama, kisha huurudia kana kwamba kuna kitu amekisahau ndani yake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilianza kumwonea kinyaa kwa sababu ya pesa. Kinyaa kilikuwepo tangu utotoni, kwetu Kenya, tulipokuwa tukila sinia moja. Pesa zilikuja kukipa sababu tu.

Lakini ni yeye aliyenilipia karo baba alipofariki. Ni yeye aliyenileta Johannesburg, akanipa kochi lake la Bez Valley nilalie mpaka nilipopata kazi katika ofisi ya mishahara ya kampuni moja pale Braamfontein. Mtu wa namna hiyo humtukani mbele ya watu. Kwa hiyo chuki yangu ilikuwa chuki yenye adabu: nilimpakulia chakula, nikamwitikia alipoita, kisha nikaenda jikoni kusaga meno.

Jumapili alasiri tulikutana Troyeville, sisi watu wa Kiswahili, katika darasa la shule tulilokodi. Tulikuwa Wakenya, wengi wetu watu wa benki na maofisi na vyuo. Na Wakongo, mafundi cherehani, wasusi, walinzi wenye macho mekundu waliotoka zamu moja kwa moja. Na Warundi wachache waliopenda kukaa karibu na mlango. Ibada ikiisha tulifanya kikao. Vyeo vyote tulivishika sisi Wakenya. Hatukuvipata kwa hila; tulikaa mbele tu, tukazungumza Kiingereza cha makaratasi, na vyeo vikatufuata. Kaka yangu alikuwa mwenyekiti. Wakenya walimwita Mwenyekiti, Wakongo wakamwita Prezida, na nilijua kwa namna alivyokuwa akilivuta koti lake kwamba hilo la pili lilimkolea zaidi.

Koti lenyewe lilishonwa na fundi mmoja wa Bellevue, na huyo fundi ndiye ninayetaka kumkumbuka. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikaa katika nyumba moja ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Chake kilikuwa zamani ukumbi wa kulia chakula wa matajiri fulani, na bado kilikuwa na maua ya plasta kwenye dari. Cherehani ilikaa dirishani. Nyuma ya ubao alilala yeye na mkewe. Alitoka Lubumbashi, katika mtaa unaoitwa Kenya, na utani huo hakuuchoka kamwe.

"Mi njo Mukenya wa kweli, mama," aliniambia kila aliponipima gauni. "Nyinyi mulichelewa."

Wazo la mfuko lilikuwa lake. Mlinzi mmoja wetu alikuwa amefariki tukamsafirisha hadi Bukavu, na sanduku, makaratasi na ndege vilikomba kila kitu tulichokuwa nacho. Kwenye kikao kilichofuata watu walikuwa wakilaumiana kwa upole, kama wafanyavyo Wakristo, fundi akasimama.

"Bandugu," alisema, "tunalipia mutu ndege, na hana hata macho ya kuangalia inje kwa dirisha. Mutu akigonjwa sana, dawa ikikatala, tumupeleke angali muzima. Afike, akule bukari ya mama yake, akufe mu kitanda ya kwabo. Sanduku njo inakula makuta."

Bukari ni ugali wa kwao, na makuta ni pesa. Watu walicheka, kisha msusi mmoja akaanza kulia. Tukakubaliana siku hiyohiyo. Mfuko ukaitwa wa kurudi mzima, na kila Jumapili ndoo ndogo ya plastiki ilipita kati ya viti. Fundi alikuwa wa kwanza kutia, na hakuruka Jumapili hata moja, hata ile aliyokuja na mguu wa bandeji.

Swali likawa pesa zikae wapi. Wakongo wengi walikuwa na karatasi za ukimbizi za kuongezwa muda kila baada ya miezi michache, na mabenki yalizishika kwa ncha za vidole. Kaka yangu alikuwa na ukaazi wa kudumu na kazi ya benki. Basi zikakaa kwenye akaunti ya jina lake. Wote tuliona ni sawa, kwa kuwa alikuwa ndugu, mzee wa kanisa, na mtu wa tai.

Hapa inabidi niseme jambo la kazi yangu, na nitalisema kwa ufupi. Kazi yangu ilikuwa kukata kodi kwenye mishahara ya watu, kwa hiyo nyumbani akiba yangu niliipanga kama vyombo vya kabati. Kuna akaunti ya wazi: faida yake inatozwa kodi kila mwaka, lakini unaweza kuichota kesho asubuhi. Kuna akaunti ya uzeeni: unachoweka humo serikali haikitozi kodi sasa, inakungojea mbele ya safari, faida inakua bila kuguswa, na kila mwaka unarudishiwa sehemu ya kodi uliyokatwa. Bei yake ni kufuli. Huifungui mpaka utimize miaka hamsini na mitano, na sababu zinazoweza kuvunja kufuli hilo kabla ya hapo ni chache mno, zote zikimhusu mwenye akaunti mwenyewe. Hekima ya kugawa kati ya hizo mbili ni ya jikoni tu. Unga wa wiki hii huuweki juu ya dari.

Mwaka 2015 serikali ilileta akaunti nyingine mpya ya akiba isiyotozwa kodi, na maofisini kila mtu akawa mtaalamu. Kwenye mashine ya kahawa hakuzungumzwa kingine. Kaka yangu aliambukizwa vibaya. Mwaka uliofuata alisimama kwenye kikao, akavuta koti, akatangaza kwamba yeye alikuwa akionewa.

"Wapendwa, mimi nalipa kodi ya pesa yenu," alisema. "Faida ya mfuko inahesabiwa ni yangu. Nimenyamaza kwa upendo tu."

Ilikuwa kweli. Kodi yenyewe haikufika bei ya kuku wawili. Lakini alikuwa na dawa: pesa za mfuko ziingizwe kwenye akaunti ya uzeeni, kwa jina lake, zikue bila kodi, na juu ya hapo serikali irudishe kitu kila mwaka. Alipofika kwenye kurudisha, Wakongo walipiga makofi na miguu. Huko walikotoka hawakuwahi kuona kodi inayorudi kwa mwenyewe. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Serikali isikule!" na darasa zima likaitikia kama wimbo wa kwaya.

Nilinyoosha mkono. "Na mtu akitaka kurudi nyumbani?"

"Ndiyo maana tutagawa, dada," alisema. "Sehemu ndogo itabaki wazi, kwa dharura. Kubwa ikalale, ikue."

"Kurudi ndiyo dharura yenyewe. Mfuko wote ni wa dharura. Hakuna cha kugawa hapo."

"Dada, kaa chini. Hapa si ofisini kwako."

Wakacheka. Nikakaa, mashavu yakiwaka. Kisha fundi akasimama, si kwa ubishi, kwa kutaka kujua tu.

"Prezida, na weye ukikufa?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Kaka yangu aliweka mkono kifuani. "Nimemwandika dada yangu hapa. Si ni mmoja wenu?"

Watu wote wakanigeukia na kunitabasamia, kana kwamba nimechumbiwa. Hakuwa ameniuliza. Zaidi ya hayo, kwa kazi yangu nilijua kwamba jina hilo halikuwa kufuli wala ufunguo: mtu akifa, wasimamizi wa akiba ya uzeeni huwatazama kwanza wanaomtegemea, na kaka yangu alikuwa na mke na watoto. Nilimwambia hivyo jioni ile tukienda kwenye gari. Alisema niache kutisha watu.

Marejesho ya kwanza ya kodi yalipoingia alinunua nyama, nyingi, tukaenda kuichoma kwenye bustani kubwa ya Bez Valley. Brai, kama wanavyosema huku. Alisimama juu ya moto na koleo mkononi, jasho likimdondoka kwenye soseji, akitangaza kila alipogeuza kipande, "Hii imelipiwa na serikali!" Mke wa fundi alileta sombe, kisamvu cha kwao, watoto wakacheza mpira, na kila mtu akamsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaka yangu alinyonya mfupa mbele ya waumini wote, akaurudia, na mimi nikasogeza sahani yangu.

Mwaka uliofuata marejesho hayakutajwa. Nilipouliza nikaambiwa kuna gharama za usimamizi. Muda si mrefu uani kwake likatokea jiko la kuchomea nyama, la chuma kinachong'aa, lenye kifuniko na magurudumu, kubwa kama jeneza la mtoto. Samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo nilivyoliona, na sijaweza kuliona vingine.

Na ile sehemu ndogo iliyobaki wazi? Ilinunua viti vya plastiki. Ilinunua spika. Ilinunua keki ya maadhimisho ya ushirika wetu, na juu ya keki palichapishwa uso wa mwenyekiti kwa sukari ya rangi. Haya yote yalipigiwa kura, na kura zilipita. Nilimtazama mwanamke mmoja akimpa mtoto wake kipande chenye sikio la kaka yangu, nikatoka nje kupata hewa.

Hata hivyo, mpaka hapo nilidhani ni upuuzi wa mtu anayependa kusifiwa. Ukweli aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, Jumamosi moja mwanzoni mwa 2018, tukiwa uani kwake. Aliniuliza ninavyogawa akiba yangu. Nikamweleza: kiasi uzeeni, kiasi wazi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Eish, wewe unagawa vibaya. Mimi sijaweka hata senti yangu moja kule uzeeni tangu tuhamishe ile ya mfuko. Ya nini? Ile ya mfuko inanitosha. Serikali inaona mimi ni mtu wa akiba sana, inanirudishia. Ya kwangu yote iko wazi. Naichota saa yoyote nitakayo."

Aligonga kifuniko cha jiko kwa koleo, kuonyesha alivyoichota.

"Na ya watu?" niliuliza.

"Ya watu si ipo? Hata mimi siwezi kuigusa. Kuna usalama gani kupita huo?"

Akalamba kidole. Nami nikaelewa, nikiwa nimeshika bakuli la kachumbari, kwamba kaka yangu alikuwa amegawa sawasawa kabisa, kama tunavyofundishwa. Weka wazi kile utakachohitaji. Fungia kile usichokihitaji. Yeye hakuhitaji zetu. Alikuwa amechukua pesa za walinzi na wasusi akazifanya uzee wake, na uzee wake halisi akautoa nje aule angali na meno. Na kilichonichefua zaidi ya vyote ni kwamba hakuona aibu. Aliniambia kwa upendo, ili na mimi nijifunze.

Majira ya baridi ya mwaka huo fundi alianza kupungua. Mwanzoni alifanya utani, akasema anazipunguza suruali zake ili ajue kama bado ana mkono mzuri. Kisha macho yakawa manjano. Hospitali ya serikali walimwambia mkewe ni ini, na kwamba wampe anachotaka kula. Jumapili iliyofuata alisimama kwenye kikao akiwa ameshika mgongo wa kiti cha plastiki.

"Bandugu, saa yangu ilifika," alisema. "Mi njo wa kwanza wa kutumia mufuko. Mama yangu angali, na angali anapika. Nataka kufika muzima. Mara moja tu akuye kunifungulia mulango, anione niko nasimama."

Watu walilia na kupiga makofi kwa pamoja. Kisha wote wakamtazama Prezida. Kaka yangu alisimama, akalivuta lile koti ambalo mtu yule alimshonea.

"Tumekusikia, baba," alisema. "Kesho asubuhi nitawaandikia ofisi ya akiba."

Nilikwenda Bellevue siku ileile. Nilimkuta amelala upande mmoja, mkewe akimkanda miguu. Niliwaambia ukweli: ofisi haitafungua, haina ruhusa ya kufungua, na mimi nina akiba yangu ya wazi, kesho nitanunua tiketi mbili za ndege. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aksanti, mama. Lakini ile ni sadaka," alisema. "Mi nilitia yangu kila dimanshi. Kama mutu wa kwanza anapanda ndege na sadaka, donc mufuko iko wapi? Bengine batakuya nyuma yangu, batapanda na nini?"

"Baba, imefungwa. Nakwambia kwa kuwa ndiyo kazi yangu."

"Weye uko mu mishahara. Yeye njo benki." Alitabasamu ili nisione vibaya. "Prezida alisema ataandika. Tuongoje."

Tukangoja. Kila Jumapili kaka yangu alisema ofisi haijajibu. Jumapili moja alisema wameomba karatasi ya daktari, ikaletwa, akaikunja akaitia mfukoni. Fundi alikuja amevaa sweta mbili, kisha akaja ameshikwa mkono, kisha akaja mkewe peke yake. Nilikwenda Bez Valley. Nilimkuta kaka yangu sebuleni, miguu juu ya meza, anatazama mpira.

"Umeandika?"

"Niandike nini?" alisema. "Sheria ni hamsini na tano, na mimi bado sijafika. Hata wewe unajua."

"Kwa hiyo hukuandika kwa mtu yeyote."

"Ningewaambia nini pale, mbele ya watu? Unataka walie?"

"Basi toa yako. Iko wazi, uliniambia. Mpe yule mzee nauli, utajilipa mfuko ukifunguka. Marejesho peke yake yangetosha."

Alishusha sauti ya televisheni, jambo alilolifanya tu akitaka kusema neno la busara.

"Dada, nikitoa leo, kesho wote wataumwa. Wewe huwajui hawa. Wakijua inatoka, kila mtu atakuwa na ini."

Nilitoka nje nikatapika kando ya lile jiko lake. Sisemi kwa mfano. Nilitapika kweli, chai na mkate, mpaka machozi yakanitoka. Kaka yangu alinifuata na glasi ya maji, akanisugua mgongo, akauliza kama nimekula kitu kibaya. Alikuwa hivyo, mkarimu sana kwa vitu vidogo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema, na nilipokuwa nimeinama pale nilimfikiria fundi na nikaona kwamba waliosema hivyo hawakuwahi kuja Troyeville.

Jumapili iliyofuata niliiacha adabu nyumbani. Nilisimama bila kunyoosha mkono nikawaambia watu kila kitu: kufuli, marejesho, jiko, barua ambayo haikuandikwa. Nilisema mwenyekiti ameufanya mfuko wa wagonjwa kuwa pensheni yake. Nilisema namwonea kinyaa, mbele ya watu wote. Wakenya wa mstari wa mbele waligundua ghafla kwamba simu zao zina ujumbe. Mmoja akasema kwa upole kwamba mambo ya familia tusiyalete ibadani.

Fundi alikuwepo siku hiyo. Walimleta kwa gari, akakaa karibu na mlango, kwa Warundi.

"Prezida," aliuliza, na ile sauti kubwa ilikuwa imebaki nusu. "Uliandika?"

Kaka yangu aliitazama meza, pale ilipokuwa ile keki siku ya maadhimisho. "Imefungwa, baba," alisema. "Ni kwa faida ya wote."

Fundi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama anayepokea vipimo vya nguo. Mkewe ndiye aliyelia, kwa sauti moja ndefu isiyo na maneno.

Ndoo ilipita tena siku ile, na watu walewale walitia tena mahali pa kile walichokwisha kukitia. Kilichopungua nilikijaza mimi, na safari hii fundi hakukataa. Tiketi zilinunuliwa. Lakini shirika la ndege lilitaka barua ya daktari kwamba mgonjwa anaweza kuruka, na daktari alimtazama akakataa kuiandika. Alisema angekuja mwezi uliopita angemwandikia bila wasiwasi.

Ikabaki basi. Yako mabasi yanayotoka katikati ya mji mpaka Lubumbashi, kupitia Zimbabwe na Zambia, siku kadhaa barabarani, na mabegi na magodoro mpaka kwenye paa. Tulimbeba hadi kiti cha dirishani. Nilimpangia mito miwili. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokwisha kupigwa pasi.

"Nitaangalia inje, mama," aliniambia. "Dirisha iko."

Alifariki Kasumbalesa, mpakani, upande wa Zambia, wakiwa kwenye foleni ya malori. Mkewe alinipigia simu. Alisema walikuwa wakiona ng'ambo, waliona hata mama mmoja wa kwao anauza maandazi, na fundi alikuwa ameomba anyooshewe kola. Kisha akasema kwamba huwezi kuvuka mpaka na maiti kwenye kiti. Walimtafutia sanduku palepale, akavukishwa ndani yake, na mama yake alifungua mlango akalikuta hilo.

Tulimfanyia ibada Troyeville. Kaka yangu alihubiri kwa koti lile, kwa kuwa lilikuwa ndilo zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Alimsifu fundi kwa uaminifu wake. Kisha akasema, kwa sauti ya faraja, "Na tumshukuru Mungu, wapendwa, mfuko wetu haukuguswa. Kwa kweli umekua." Kuna mtu alipiga makofi. Sikugeuka kuona ni nani, maana ningemjua ningelazimika kumchukia na yeye, na nilikuwa nimejaa.

Sikurudi tena katika darasa lile. Kaka yangu hunipigia simu bado, huuliza kama nimekula, na hunituma nimnunulie dawa ya presha iliyo rahisi kule Braamfontein. Damu ni damu, namnunulia. Wakongo wa Bellevue wakikutana nami njiani huniuliza hali yake kwa makini ambayo sikuizoea. Wanajua anavyokula. Wamekwisha kufanya hesabu yao, kwamba akifa mapema pesa zao huenda zikaishia kwa mkewe na watoto, na kwamba tumaini lao pekee ni mwili ule, tumbo lile, moyo ule uliozungukwa na mafuta, ufike ng'ambo ya miaka yake salama.

Mjane wa fundi alirudi baada ya maziko, kwa sababu cherehani ilikuwa huku. Sasa, mwaka huu wa 2019, ni yeye anayekaa dirishani. Alasiri za Jumapili mimi huenda kwake, tukanywa chai chini ya yale maua ya plasta, naye hushona akizungumza. Kila mara, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, huniuliza jambo lilelile.

"Prezida iko muzima?"

"Mzima, mama."

"Mungu amulinde," husema, na kukanyaga cherehani. "Amupe afya. Afike hamsini na tano."

Nami, kwa kuwa nililelewa vizuri na kaka yangu, huitikia amina.